Radi na Cherehani ya Mkewe

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la jukwaani la Radi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi saa na mkunga. Mama yake alikuwa akisema kwamba alikuja duniani akipiga kelele na hakuona sababu ya kuacha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwahi kudai hivyo. Kwenye somo la useremala alitengeneza gitaa kwa mbao za dawati la shule, akapata alama za juu na fimbo nne siku hiyo hiyo.

Mwaka 1970 aliajiriwa fundi umeme katika kiwanda cha nguo. Mwaka 1974 alianzisha bendi ya roki na mpiga dramu aliyebaki rafiki yake hadi mwisho. Walitoa albamu tisa. Ilisemwa kwamba gitaa lake linavunja vioo. Kilichovunjika ni kimoja tu, na kilikuwa na ufa tangu zamani.

Tarehe 2 Agosti 1980 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyemshonea koti lake la kwanza la jukwaani. Mke alishona chumba cha mbele, mume alirekodi chumba cha nyuma alichokigeuza studio, na ukuta kati yao ulikuwa mwembamba. Siku moja mwaka 1986, wimbo ulioitoa bendi jasho kutwa nzima uliposikilizwa, mlio wa cherehani ulikuwa umeingia humo mwanzo hadi mwisho. Radi alifungua mlango akafoka mbele ya wenzake, "Simamisha hicho kidude! Kinaniharibia kazi!" Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Kesho yake mkewe alihamishia cherehani mtaa wa pili. Watoto aliwalea, makoti ya bendi aliyashona, lakini studio hakutia tena mguu.

Mwaka 2019 Radi alianza albamu ya kumi, ya majaribio. Aliwaita wenzake mmoja mmoja: mpiga dramu, mpiga tarumbeta, mwalimu mstaafu wa kwaya. Kila mmoja alipiga au kuimba bila kusikia mwenzake alichofanya, kisha fundi mitambo akaunganisha. Wakitafuta sauti za zamani za kuchanganya humo, waliikuta kanda ya 1986. Wakaisikiliza mwanzo hadi mwisho.

"Jamani, tuache utani," mpiga dramu akasema. "Shemeji ndiye aliyeshika mdundo. Mimi nilikuwa natangatanga tu."

Radi alikwenda kwa miguu hadi mtaa wa pili. "Mama watoto, nilikukosea. Njoo tupige wote."

Mkewe hakuinua kichwa. "Nina nguo za watu hapa."

Radi alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Wimbo wa mwisho aliuacha bila mdundo, akaapa albamu haitatoka hivyo. Wenzake walimwambia atumie ile kanda, yaishe. Alikataa. "Ile iliingia bila mwenyewe kuombwa. Safari hii naomba."

Februari 2021 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na Aprili 2022 alilazwa. Mkewe alimuuguza kila siku. Habari ya wimbo hawakuigusa. Kila mmoja alichelea kumwumiza mwenzake. Asubuhi ya tarehe 30 Mei mkewe alikodi mkokoteni, akapakia cherehani, akaingia studio. Alimwambia fundi mitambo, "Usinifundishe kupiga. Mimi nashona koti la mume wangu." Mpiga dramu, aliyekaa na Radi hospitali, alimwekea sikioni simu iliyopigwa kutoka studio. Cherehani iliponyamaza kidogo ili kitambaa kigeuzwe, Radi alisema kwa shida, "Mwambie asisimamishe." Mkewe aliambiwa. Alilia, na miguu yake ikaendelea kukanyaga.

Radi alifariki tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, mpiga dramu mmoja asiyejua pa kwenda jioni, na albamu iliyokamilika. Wimbo wake wa mwisho utapigwa sasa hivi, na mjane anaomba usisimamishwe mpaka uishe. Apumzike kwa amani, ndani ya koti lililoshonwa kwa mdundo huo.