Milka Nasipwondi, Aliyetafuta Ukingo wa Picha

Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi iliyopita tulimzika Milka Nasipwondi. Wengi wenu hamkumwona hata siku moja. Lakini kama kuna picha ukutani kwako, imebanwa kati ya plastiki mbili angavu zenye ukingo wa mpira mweusi, huenda ni kazi ya mikono yake.

Milka alizaliwa Busia. Alikuja Kisumu mwaka 1982, akaolewa na Oketch, mchoraji wa mabango ya maduka. Mwaka 1986 alikwenda Ahero kununua mchele. Akirudi, lori alilopanda likapinduka. Uti wa mgongo ukavunjika. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na miguu yake haikusimama tena.

Tangu hapo aliishi katika chumba kimoja, mtaa wa Manyatta. Chumba kimoja, wasikilizaji, miaka kumi na miwili. Mlangoni kulikuwa na ngazi za mawe, halafu mtaro. Oketch akienda kazini, Milka alibaki akiangalia bati. Misumari yote aliijua.

Oketch akaanza kumletea mabaki ya perspeksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Milka aliikata kwa msumeno wa chuma, akailainisha kwa msasa, akaweka picha katikati ya vipande viwili. Ikawa fremu. Shida ilikuwa ukingo. Pembeni palibaki wazi.

Mwaka 1989 jirani yake, Benta, alimletea picha ya mwanawe aliyezama ziwani, Asembo Bay. Picha ilikuwa hiyo moja tu. Milka alifunga kingo kwa selotepu. Mvua ya Aprili ikavuja nyumbani kwa Benta, selotepu ikaachia, maji yakaingia. Benta alipoifungua, uso wa kijana ulibanduka na plastiki.

Oketch ananiambia: "Tulimsikia Benta akilia. Nyumba ni ya tatu kutoka kwetu. Milka akasema, nipeleke kwake. Nikamwambia kesho, matope ni mengi. Hiyo kesho niliisema wiki nyingi."

Benta hakuja. Milka hangeweza kwenda. Akakaa pale na kosa lake.

Akaanza kutafuta ukingo. Oketch alileta ukanda wa bati, ukamkata vidole. Alileta mwanzi, ukapasuka. Alileta tyubu ya baiskeli, ikalegea kwa joto. Kila kitu ilibidi Milka amweleze mtu mwingine, na mtu huyo akaleta kingine.

"Sijui kinaitwaje," alimwambia mumewe. "Nikikishika nitakijua. Nipeleke mwenyewe."

Mvua ilipokatika, Oketch aliazima mkokoteni. Yeye na majirani wakamtoa Milka, wakamlaza juu ya gunia, wakamsukuma mpaka Kibuye kwa mafundi wa magari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka kwa miaka mitatu.

Fundi mmoja, Zadock, akamuuliza, "Mama, unataka spea ya gari gani?"

"Sina gari. Nataka kitu cha kushika kioo, maji yasipite."

Zadock akafikiri. Akaenda kwenye pikapu kuukuu, akavuta mpira unaozunguka dirisha. Milka akapitisha kidole ndani ya mfereji wa ule mpira, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Ni huu," akasema. Kisha akamgeukia Oketch. "Usinirudishe bado."

Walikaa pale mpaka mafundi wakafunga kazi.

Waliporudi, aliomba apitishwe kwa Benta. Benta akatoka, akasimama mlangoni.

"Mama, nimekuharibia mtoto," Milka akasema. "Nilitaka kuja siku ileile."

Benta aliingia ndani, akarudi na picha. Uso haukuwepo. Shati lilikuwepo.

"Itie hivyo hivyo," akasema. "Hilo shati nililifua mimi."

Picha hiyo ingali kwake. Nimeiona wiki hii. Ni kavu.

Baada ya hapo fremu za Milka zilitoka nyingi. Zilikwenda Ahero, zilikwenda Asembo. Zilitoka fremu, wasikilizaji. Yeye alitoka mara tano tu katika miaka yote iliyobaki. Vidonda vya kulala ndivyo vilivyomuua.

Kwa Oketch, kwa ndugu za Milka kule Busia, na kwa Mama Benta aliyemwosha kabla ya maziko, tunawapa pole. Mungu awashike.

Nami nina neno langu. Mwaka jana nilikwenda kuchukua fremu ya picha ya baba yangu. Nilimwambia, "Mama Milka, wewe umeshazoea hapa."

Akanitazama. "Sijazoea," akasema. "Nimekosa mtu wa kunibeba."

Nilikuwa na gari nje. Nilimaliza chai, nikamshukuru, nikaondoka na fremu yangu.

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii mfikirieni mtu aliye ndani karibu nanyi. Msimwambie amezoea. Muulizeni anataka kwenda wapi.