Bi Orihara na Mlima wa Pili

Tarehe 31 Machi, saa kumi na moja na nusu jioni, Bi Orihara Shizuko ataiaga meza ya safari za theluji baada ya miaka thelathini na sita katika ofisi yetu ya utalii ya Omiya, Japani. Nasema ataiaga meza, kwa maana kiti hakijui. Husimama akipiga simu, hutembea akingoja kujibiwa, na waya wa simu yake tuliuongeza ukafika mita sita baada ya kuangusha simu mbili. Mimi Nagumo, jirani yake wa meza kwa miaka kumi na mmoja na mrithi wa meza hiyo, ndimi niliyepewa kazi ya kuandika haya. Naandika huku mguu wangu unagonga sakafu. Ugonjwa wake umeniambukiza.

Alijiunga nasi akiwa na miaka ishirini na minne, akapewa kuandaa vijitabu vya safari za shule. Ndani yake aliweka dakika ishirini na tano za kuanika glavu, kila siku, kabla ya kuoga maji moto. Wenzake walimcheka. Lakini hakuna mtoto wa safari zake aliyepanda mlima siku ya pili na vidole vilivyolowa, na leo hakuna kijitabu kinachotoka humu bila dakika hizo.

Kila mwisho wa Oktoba hupanda treni kwenda kwa Mama Togashi, mwenye nyumba ya wageni kule Uonuma, akiwa na futi kamba mfukoni. Huenda kupima vunjajungu. Watu wa milimani husema mdudu huyo hutaga mayai yake juu ya pale theluji itakapofika, na Bi Orihara ana daftari la vipimo hivyo tangu msimu wake wa kwanza. Niliwahi kumsindikiza. Mama Togashi alimkuta amepiga magoti kwenye kichaka, akamwambia, "We Shizuko, bado tu? Mwaka jana walitaga kwenye waya wangu wa kuanikia nguo. Mbona theluji haikuja kuvaa mashuka?" Bi Orihara alicheka, akaendelea kupima.

Daftari hilo limemponza mara moja, naye hukataa tulifiche jambo hilo. Katika msimu wake wa tano, mayai yalikuwa chini, usawa wa goti. Akaona mwaka huo hakuna theluji, akawahamisha wanafunzi mia moja na arobaini wa shule moja ya Kumagaya kwenda mlima wa mbali. Kwa Mama Togashi zikaanguka mita tatu. Kule walikohamia kulikuwa na majani makavu, na watoto waliteleza siku tatu wamekalia makatoni ya machungwa. Bi Orihara alikwenda shuleni na maboksi ya keki za maharage, akainamisha kichwa mbele ya walimu mmoja mmoja. Mwalimu mkuu alimwambia, "Watoto wanauliza kama mwakani makatoni yatakuwepo tena." Anasema maneno hayo yalimuuma kuliko kama angetukanwa.

Hapo ndipo ulipozaliwa mlima wa pili. Tangu siku hiyo kila safari hupangiwa milima miwili, mabasi mawili ya akiba na supu ya miso ya kutosha sehemu zote mbili. Vunjajungu bado huwapima, ila hawaachii usukani. Majira yale ya baridi ambayo theluji ilituchezea, isianguke hadi katikati ya Januari, ofisi nyingi zilikuwa zikirudisha wateja makwao. Wageni wetu mia mbili na kumi na wawili walikuwa mlima mwingine kabla ya chakula cha mchana, na wengine hawakujua kama kuna kilichobadilika.

Mwenye kuulipia utulivu huo wa wageni alikuwa nyumbani. Mumewe, Bwana Kiyotaka, fundi saa, hupaka nta jozi mbili za mbao za kutelezea kila Desemba: yake na ya mkewe. Msimu wa theluji ndio msimu wa kazi, kwa hiyo jozi ya mkewe hurudi kabatini ikiwa vilevile. Mwaka wa kumi wa ndoa yao alijiandikisha kama mteja ili wasafiri pamoja. Mkewe, kama kawaida yake, alitangulia na treni ya mapema kukagua vyumba. Walionana wakati wa chakula cha jioni, mmoja akila, mwingine akihesabu mabakuli. Juzi Bwana Kiyotaka alipoleta chakula ambacho Bi Orihara alikisahau, alituambia, "Mwambieni mama huyo mbao zake zinakula nta ya bure."

Alisema kwa utani, ila sote tunajua habari ya goti la kushoto la Bwana Kiyotaka. Daktari amempa msimu mmoja tu wa kuteleza, na msimu huo unayeyuka. Bi Orihara anastaafu theluji ikiondoka, na kungoja Desemba ni kamari. Wiki nzima alikuwa akienda dirishani na kurudi, anatazama jua la Machi kana kwamba lina deni lake.

Basi tukampangia sisi. Aprili 10, Mlima Gassan, kule ambako theluji huwa nyingi mno hata lifti za kupandia mlima hazifunguliwi hadi Aprili. Watu wawili, treni moja, viti vya jirani. Mlima wa pili tukauweka, tumefunzwa na yeye. Kijitabu tulichompa kilirudi mezani kwangu baada ya nusu saa kikiwa na wino mwekundu mahali kumi na pawili. Dakika za glavu zimeongezwa. Viti vya jirani hakuvigusa. Na ukurasa wote wa mlima wa pili umekatwa kwa mstari.

Nilimuuliza kama amekosea. Alikuwa amekaa, mara ya kwanza kumwona hivyo. "Futa tu, Nagumo. Theluji ikikosekana, tutakaa dirishani na Kiyotaka tunywe chai."

Bi Orihara, asante kwa vidole vikavu, kwa mabasi ya akiba, na kwa kutufundisha kuomba radhi ana kwa ana. Tunakuombea miaka mirefu yenye theluji, na mumeo goti lenye subira. Treni yenu ni ya saa moja na dakika kumi asubuhi. Tafadhali, safari hii usitangulie.