Mwalimu Rozalia Kikoti, Aliyefundisha kwa Sauti za Wanafunzi Wake

Mwalimu Rozalia Silvester Kikoti, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Mei 1938 katika kijiji cha Kalenga, Iringa, mtoto wa tatu wa Mzee Silvester Kikoti na Mama Marta. Mama yake anakumbuka kwamba wenzake walipokwenda kucheza, yeye alibaki jikoni na wageni akiwauliza, "Halafu ikawaje?"

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka 1954, akahitimu ualimu mwaka 1956, kisha akafundisha shule za msingi Iringa kwa miaka kumi na moja.

Tarehe 22 Septemba 1962 alifunga ndoa na Bwana Crispin Luhwago, dereva wa lori. Mwaka 1968 walihamia Mbeya, wakaishi mtaa wa Soweto, na mwaka 1971 marehemu akahamishiwa shule ya Chimala, katika bonde la Usangu. Huko, jioni baada ya vipindi vya watoto, alipewa darasa la kisomo cha watu wazima.

Darasa hilo lilimtesa. Akina mama walikuja siku mbili, ya tatu hawaonekani. Kitabu kilizungumzia mambo yasiyowahusu. Mwaka 1973 Bwana Crispin alimletea kutoka Tunduma redio ya kaseti inayorekodi, na marehemu akapata wazo. Mwanafunzi alisimulia jambo lake mwenyewe, darasa likaisikiliza kanda, kisha maneno yale yale yakaandikwa ubaoni na kusomwa. Watu walirudi, wakaja na majirani. Ofisa mmoja wa elimu alimwuliza, "Mwalimu, serikali inakulipa upige hadithi?" Alimjibu, "Mzee, kaa hapo nyuma usikilize wanavyosoma." Ofisa alikaa hadi kipindi kikaisha.

Kati ya waliosimulia ni Mama Nyamizi, aliyefika Usangu na mifugo pamoja na mumewe, Mzee Bujiku, wakitoka Shinyanga. Alisimulia safari yao na jinsi bintiye mdogo, Kabula, alivyougua homa, wakamzika kando ya njia. Kila alipotaka kulisikia jina la mtoto, alikuja darasani, na marehemu akamwekea kanda.

Mwaka 1975 kanda mpya zilikosekana madukani. Siku moja, kwa haraka, marehemu alirekodi somo la mbolea kutoka redioni juu ya kanda ya Mama Nyamizi. Alipogundua, hakula siku nzima. Alitembea hadi kwa Mama Nyamizi, akapiga magoti uani.

"Mama Kabula, nimemfuta mtoto wako."

 Mama Nyamizi akasema, "Umenikosea, Mwalimu. Umenikosea sana. Lakini inuka. Leta daftari. Si umenifundisha kuandika wewe mwenyewe?"

Aliandika kwa wiki tatu, kurasa tisa. Marehemu hakusahihisha hata herufi moja. Alizoea kusema kwamba hilo ndilo somo alilofundishwa yeye, na kwamba hata hivyo hatajisamehe.

Mwishoni mwa mwaka 1977 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema ni moyo. Aliendelea kufundisha akiwa ameketi hadi Machi 1978, familia ilipomrudisha Iringa kwa matibabu. Mwezi wa Julai Mama Nyamizi alipanda lori akaja na daftari lake. Alikaa kando ya kitanda akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipofika kwenye jina la Kabula alisita. Marehemu, ambaye siku hizo alizungumza kwa shida, alimshika mkono akamwambia, "Soma, mama. Nakusikia."

Mwalimu Rozalia alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 1978, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Tumezisikiliza kanda zake zote kumi na nne, tukimtafuta yeye. Zimejaa watu wa Chimala. Sauti yake yeye hatukuipata.

Ameacha mama yake, Mama Marta; mume, Bwana Crispin; watoto watatu, Jailos, Helena na Lusia, ambaye ana miaka sita; kaka wawili; na wanafunzi wa kisomo waliosafiri kuja kumzika, wengi wao wakiwa wameandika majina yao wenyewe katika daftari la rambirambi.

Mungu ampokee Rozalia, ampumzishe kwa amani.