Ukuta wa Mzee Nondo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mkuu wa ukumbi huu, mama mchoraji wetu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu wa bweni la vibarua mliojipanga ukutani kana kwamba viti hivi vina wenyewe, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni mbeba zege. Shule niliiacha mapema, na leo nimetoka kazini moja kwa moja, kwa hiyo mkiniona nayumba hapa mbele si woga tu, ni miguu. Mama mchoraji ndiye aliyetaka nizungumze. Nilimwambia watu wa kusema wapo. Akajibu, "Wapo, lakini hawakulala mle bwenini."

Mniwie radhi, yupo mtu mmoja ninayesema naye kuliko wengine wote. Amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Ni binti wa marehemu Mzee Nondo, mkunja vyuma tuliyelala naye chumba kimoja miaka mingi, akatutoka mwaka jana huku huku ugenini. Binti amesafiri kuja kuchukua vitu vya baba yake. Asubuhi nilimleta hapa, akaitazama ile picha kubwa inayozinduliwa leo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba mdogo, ndiyo mmemfanya baba yangu doa?" Hakulia. Alitaka ishushwe. Mama mchoraji akamwomba asubiri nizungumze kwanza, na kama bado atataka ishuke, basi itashuka mbele ya wageni wote.

Siku tulipoambiwa kuna mama anakuja kuona kuta za bweni letu, sisi tulielewa nini? Tulielewa ukaguzi. Nani huja kutazama ukuta wa vibarua kama si bwana afya? Basi tukachota maji, tukasugua kwa sabuni na brashi lile giza lililokuwa juu ya kila kitanda, pale tunapoegemeza vichwa tukitoka kazini, jasho na vumbi na mafuta ya nywele, mpaka kuta zikang'aa. Mama alipoingia alisimama katikati ya vitanda, akajishika mdomo. Alikuja kuona lile lile tulilolifuta. Na sisi tumesimama wima, tunasubiri kusifiwa.

Mpishi wetu ndiye aliyemnong'oneza, kama mtu anayemshtaki mwenzake, kwamba umebaki ukuta mmoja mchafu, wa Mzee Nondo. Huo hatukuugusa. Wala hatukuwa tumepanga hivyo, kila mmoja alifika pale na ndoo yake, akageuka. Mama akakaa sakafuni mbele ya ukuta ule mpaka chai tuliyomwekea ikapoa.

Baadaye alitueleza kwamba mama yake mzazi alikuwa dobi wa hospitali. Yeye akiwa mtoto walikunja mashuka pamoja, na yalikuwepo madoa yasiyotoka kwa dawa yoyote. Yule mama hakuyaita uchafu. Alisema, huyu alilalia ubavu, huyu alihangaika. Mchoraji wetu amejifunza pia kwa wachoraji wakubwa, alinitajia majina, na nisijidai, yameshanitoka. Lakini mimi naamini alianzia kwenye yale mashuka. Ndiyo maana hachori pua wala macho. Hata brashi hashiki. Hupaka rangi nyepesi kama maji ya sabuni, huisugua kwa kiganja, huiacha ikauke, hupaka tena na kusugua tena, siku nenda rudi. Nilipokwenda kumtazama kazini, viganja vyake vilikuwa na sugu kama vyangu. Nikamuuliza, si uchore uso tu umalize? Akasema, "Uso mtu huupanga kabla ya kuuonyesha. Mimi nachora kile alichokiacha bila kujua kwamba anaacha."

Ndugu wageni, nimejenga majumba ambayo leo mlinzi wake hanifungulii geti. Ningejuaje kwamba hata nikipumzika nilikuwa najenga kitu? Picha ya ukuta ule ilipokwisha nilisimama mbele yake, nikavua kofia. Sikujua kwa nini nimevua.

Sasa, mwanangu. Wewe uliitazama umesimama. Mama mchoraji, ingawa mkuu wa ukumbi alimbishia sana, aliitundika chini makusudi, kwa sababu alama ile iliwekwa na mtu aliyekaa. Pale mbele yake pana benchi, fupi kama vitanda vyetu. Ukikaa, utaona ndani ya lile giza kipande cheupe cha pembe nne, hakizidi kiganja. Wageni watadhani ni ufundi. Sisi tuliolala mle tunajua kwamba hapo ndipo ilipobandikwa picha yako ya sare za shule, ile uliyoikuta juzi mkobani mwake. Ukuta wote ulichafuka, hapo hapakuchafuka. Na tazama giza lilivyozidi ubavuni mwa cheupe hicho. Huko ndiko alikoegemeza kichwa kila jioni. Hata nilipomwita kwamba chakula kiko tayari, alisema subiri kidogo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, najua ratiba inasema sasa ni zamu yako kukata utepe. Naomba utuvumilie, binti apite kwanza, akakae. Bisibisi ninayo mfukoni. Akisema ishuke, nitaishusha kwa mikono yangu, na asiwepo wa kumlaumu.

Jamaa, mpisheni njia. Pita, mwanangu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.