Bi Chizuru Minowa na Alama Namba 17

Tarehe 31 Machi mwaka huu Bi Chizuru Minowa anastaafu, baada ya miaka arobaini na moja katika kitengo cha uchunguzi wa maeneo ya uhalifu, polisi wa mji wetu wa Hamanuki. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa sababu nilikuwa mkuu wake wa kwanza. Nina miaka themanini na tisa, niko kitandani hospitalini, na daktari ameacha kunikataza sigara. Kwa hiyo nitasema yote.

Alijiunga akiwa na miaka kumi na tisa, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na mmoja. Zana zetu zilikuwa unga mweusi, brashi, plasta na kamera nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Adui yetu mkubwa hakuwa mwizi, alikuwa mwenye nyumba. Watu wa Hamanuki wakiibiwa huona aibu polisi kukuta vurugu, basi hufagia, hupiga deki na kuchemsha chai kabla hatujafika. Bi Minowa ndiye aliyeanza kuwasihi kwenye simu: "Mama, usiguse kitu, tafadhali. Kwetu ni kuchafu zaidi."

Siku hizi kazi ni vinasaba na kamera za mitaani. Alipofika miaka hamsini alirudi darasani kujifunza hayo pamoja na vijana wa rika la mwanawe, akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa amekaa jirani yake, akichungulia karatasi yake.

Sasa nije kwenye alama namba 17, ambayo vijana wa kitengo wanamtania nayo hadi leo: "Mama Kidole, yule mtu wako kapatikana?"

Ulikuwa mwaka wake wa tatu kazini. Nyumbani kwa mjane mmoja, Mama Orito, kiliibwa chombo cha maua cha kale. Bi Minowa alisimama mlangoni kulinda, mgongo ndani, uso barabarani, mimi nikaingia kupiga picha. Kanuni ilinitaka nivae vifuniko juu ya viatu. Lakini Mama Orito alipiga magoti, akanisogezea slipa kwa mikono miwili: "Karibu ndani, Mkuu. Utuwie radhi kwa fujo." Nani angemkatalia? Nikavua viatu. Kwenye chumba cha mikeka nikavua na slipa, kama mtu aliyelelewa vizuri, nikapanda jukwaa la mbao ambapo chombo kilikuwa kimewekwa. Soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu.

Nilipomaliza nikavaa tena viatu, nikamwita Bi Minowa apake unga. Juu ya jukwaa lile akapata alama ya kidole gumba cha mguu, safi ajabu, akaipa namba 17. Alama za vidole vyetu vya mikono zilikuwa kwenye faili, ili tusijichanganye na wezi. Za miguu hazikuwapo.

Ripoti yake niliisoma mwenyewe mbele ya kikao: "Mwanamume wa makamo, mzito, anakanyaga upande wa ndani. Soksi zake zimetoboka. Ama hana mke, ama mkewe amemkasirikia." Wiki ile mke wangu alikuwa kwao, na hakuwa ameenda kusalimia. Nikatia saini.

Akawatuma wenzake kwenye mabafu ya umma wakague nyayo. Mimi sikukanyaga bafu la umma miezi minne, nikisingizia fangasi.

Kisha mwizi akakamatwa na chombo mkononi. Alikiri yote, ila alikana kuwa na mwenzake: "Nilikuwa peke yangu, wakubwa. Vidole vyangu hivi hapa kumi, hesabuni!" Wakubwa wakaamua kwamba mlinzi wa mlango alimruhusu mtu kuingia. Karipio likaandikwa kwenye faili la Bi Minowa. Saini yangu iko chini yake. Kwa karipio hilo alinyimwa ualimu wa kitengo miaka sita, na mimi nikanyamaza.

Kila mwaka mpya ameniletea machungwa. Mwezi uliopita muuguzi alikuwa ananiosha miguu, Bi Minowa akapokea taulo. Alipofika kwenye kidole gumba cha kulia akavaa miwani.

"Mistari ya kidole haizeeki, Mkuu," alisema.

"Chizuru, mimi..."

"Tulia, nakufuta."

Kesho yake alileta jozi tatu za soksi mpya.

Nimemwandikia mkuu wa polisi barua, nikaeleza kosa ni la nani. Amejibu kwamba karipio limefutwa, na kwamba andiko hili litasomwa ukumbini siku ya kumuaga Bi Minowa, yeye mkuu wa polisi akiwa amesimama. Muuguzi amenisaidia na wino: alama ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia iko chini ya ukurasa huu.

Bi Minowa, kitengo kizima kinakushukuru, na kinakuombea afya, usingizi wa asubuhi na bafu la moto bila kuangalia miguu ya mtu. Kabla hujaondoka, linganisha alama hii na namba 17, tia saini yako, ufunge faili.

Na asante kwa soksi. Zinanitosha.