Kisanduku cha Bi Bushra na Maji ya Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, redio yako ipo wapi saa hizi? Jikoni? Juu ya kaunta ya duka? Isogeze karibu kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Bushra Muharami, fundi redio wa Buzuruga. Alitutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mbili.

Fundi redio. Huenda hata hiyo unayonisikilizia aliwahi kuifungua yeye.

Ufundi alifundishwa na baba yake. Kibanda cha Bushra kilikuwa jirani na stendi, na vumbi la mabasi lilimchosha. Anasafisha redio asubuhi, jioni imejaa tena. Binti yake, Sada, anakumbuka: "Mama alisema, nataka nijue ni punje ngapi zinaingia humu. Tukacheka. Nani anahesabu vumbi?"

Yeye alihesabu. Alichukua deki mbovu ya CD, akatoa kijitaa chake chenye mwanga mwembamba, akatoa na kijicho kinachoupokea. Akavipanga ndani ya kisanduku, hewa ikapita katikati. Punje ikikatiza mwanga, spika inalia tik, na kalkuleta iliyofungwa nyaya inaongeza moja. Baadaye akaweka mrija wa kioo, akapitisha maji. Kisanduku hakikujua vijidudu, na mwenyewe alilisema hilo kila mara. Kilihesabu punje za uchafu, hata zile zisizoonekana kwa macho. Vijana wa stendi wakakiita Mbea. Watu walileta maji kutoka Pasiansi, wengine wakavuka ziwa na chupa kutoka Kamanga.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo penye uchungu.

Kaka yake, Bashiru, aliuza maji ya kunywa mtaa huo huo. Mwaka 2017 alimwita dada yake mbele ya wateja. "Njoo na Mbea wako. Wasikie maji safi yanavyonyamaza."

Hayakunyamaza. Spika ililia kama mvua juu ya bati. Bushra akatazama namba, akamtazama kaka yake. Angeweza kuzima. Mteja akauliza, "Vipi, fundi?"

"Yana uchafu," akajibu. "Kaka, angalia chujio lako."

Bashiru akasema, "Umenivua nguo mbele za watu."

Miaka sita hawakusalimiana. Miaka sita, baba mmoja, mama mmoja. Kila Idi, Sada ndiye aliyepeleka sahani ya pilau kwa mjomba wake, na sahani ilirudi imeoshwa, bila neno.

Mwaka 2023 Bushra akaanza kuugua moyo. Asubuhi moja Bashiru akasimama mlangoni, ameshika jagi la maji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akakaa. "Chujio lilikuwa limechanika. Nililiona siku ya tatu baada ya wewe kupima. Nikalibadilisha, nikanyamaza."

"Siku ya tatu?"

"Siku ya tatu."

Sada anasema mama yake aliagiza kisanduku. Akapima maji ya jagi: kumi na moja. Akapima ya mtungi wake mwenyewe: kumi na tisa. Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nimiminie ya kwako."

Walipata mwaka mmoja na miezi minne ya kukaa pamoja. Bashiru alikuja karibu kila siku.

Kwa Sada, kwa Bashiru, kwa ukoo wote wa Mzee Muharami, tunawapa pole sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe Bi Bushra mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemnunia kwa sababu tu alikwambia kweli, mfikirie leo, wakati bado yupo.

Juzi, baada ya mazishi, Bashiru alinishika mkono. Hakutaka wimbo wala salamu. Alisema, "Wateja walisikia nilivyomgombeza. Waambie nao wasikie hili: maji yangu yalikuwa machafu. Dada yangu alisema kweli."

Mzee Bashiru, tumewaambia.