Kibarua Huyo Hayuko Hapa

Benchi letu lilikuwa mbele ya bucha ya Rashid, Majengo ya Meru, nami nilikuwa na cherehani yangu hapo kwenye veranda, kwa hiyo nilisikia mambo yote hata nisipotaka. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Serikali haikupenda watu wakae kundi, basi homugadi, yule mgambo wa serikali, akitokea kwenye kona, mmoja wetu aliinuka kuulizia maini, mwingine akasimama mbele yangu nimpime suruali. Akishapita, tulirudi kwenye kahawa ya Mwanatatu na kwenye kesi. Kesi yenyewe ilikuwa moja tu, ya Kinyua.

Kinyua alikuwa mtu wa Kiirua aliyefanya kazi Nanyuki, kwenye shedi ya reli, pale injini za mvuke zinapotengenezwa. Alianza kwa kubeba kuni na kuzoa majivu. Fundi wa boila, Mzungu mmoja, alipokwenda kwao likizo asirudi, kazi yake iliangukia mikononi mwa Kinyua. Yeye ndiye aliyeingia ndani ya boila ikipoa, akaziba mabomba yanayovuja, akatoka mweusi kama chungu. Lakini kwa jina alibaki kibarua. Asubuhi anaajiriwa, jioni kazi imekwisha, kesho yake anaajiriwa upya. Alipoomba aandikwe fundi wa kudumu, mkubwa wa shedi alimwambia cheo hicho si cha mtu kama yeye. Akaenda Nyeri kwa wakili Mhindi, akaishtaki reli.

Tulimwambia ana wazimu. Siku hizo Mmeru hakukaa Nanyuki bila pasi, kibali cha serikali, na bila mwajiri hakuna pasi.

Siku ya hukumu, akitoka kortini Nanyuki, alishuka kwenye lori pamoja na mkewe, Lenah, wakaja moja kwa moja hadi kwetu.

— Wamekutupa nje? aliuliza Mithika. Huyu tulimwita Korti, kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba, na tangu siku hiyo hakuna sheria asiyoijua.

— Nimeshinda, alisema Kinyua.

Kwa jinsi alivyosema, hakuna aliyempa mkono.

— Kunywa kwanza, baba, alisema Mwanatatu, akammiminia.

— Hakimu amesema nimefanya kazi ya fundi, kwa hiyo mimi ni fundi, na reli iniandike hivyo. Tulipotoka nje, mkubwa wa shedi akaniita kando. Anasema watakata rufaa, na rufaa inaweza kuchukua muda mrefu sana. Pasi yangu inaisha mwisho wa mwezi. Anasema nirudi Jumatatu, niweke kidole gumba kama kibarua, nishike kazi yangu ileile huku tunangoja.

— Na wakili? niliuliza.

— Wakili anasema nikiweka kidole, nimekubali mwenyewe kwamba mimi ni kibarua. Kesi imekufa hapo.

Basi benchi likawaka.

— Weka kidole, alisema Rashid. Kidole ni ngozi tu. Nyumba ya reli uko ndani, mke yuko ndani, unataka nini tena?

— Asiweke, alisema Korti. Mimi najua hiyo maneno. Rufaa ikifika mbele, inapelekwa Ulaya kwa meli. Huko kuna jaji ambaye hajaona Mmeru tangu azaliwe. Atasema, nileteeni huyo mtu nimwone. Kinyua atapelekwa, atavalishwa koti, atalala kwenye nyumba ya mawe.

— Atakufa baridi huko, alisema Mwanatatu.

— Mimi nimekaa Kiirua, Mama, alisema Kinyua. Baridi naijua.

— Hamwelewi, alisema Rashid. Hao wanaogopa kitu kimoja. Kibarua mmoja akiwa fundi, kesho vibarua wote ni mafundi. Keshokutwa fundi anataka kuwa mkubwa wa shedi. Mwisho huyu ng'ombe niliyemtundika hapa ataniambia nimpishe, yeye ndiye mwenye bucha.

— Mimi nasikia, alisema Mwanatatu akishusha sauti, huyo hakimu anahamishwa. Anapelekwa kisiwa ambacho hakuna watu, ahukumu ndege.

— Na ndege watamshinda kesi, alisema Korti.

Kinyua hakucheka. Lenah alikuwa ameinama, anakunja pindo la leso yake na kulikunjua.

Mwisho wa benchi alikaa mtu wa Kiritiri aliyemletea Rashid mbuzi asubuhi ile. Tulikuwa tumemsahau.

— Samahani, alisema, mimi ni mgeni, sijui mambo ya reli. Nauliza tu. Kama huyu ni kibarua kama vibarua wengine, na amewapeleka kortini akawashinda, mbona wanamtaka arudi Jumatatu?

Korti alitazama barabara. Mimi nilikanyaga cherehani ingawa haikuwa na kitambaa.

— Ile injini kubwa ilikuwa inavuja, alisema Lenah polepole.

— Bado inavuja, alisema Kinyua. Nimeiona leo asubuhi.

Wakatazamana, mtu na mkewe.

— Ukiweka kidole, alisema Lenah, nitakupikia, nitakufulia, lakini usiniambie tena habari ya hakimu.

— Siweki, alisema Kinyua.

Haikuwa rahisi, msidanganyike. Nyumba ya reli walinyang'anywa. Vyombo vyao vilitupwa nje, vikaletwa Meru na dereva mmoja wa lori aliyewaonea huruma, sufuria moja ikiwa imebonyea. Mwanatatu aliwapa chumba cha nyuma. Kinyua alitengeneza mashine za kumenyea kahawa za wakulima, akalipwa kwa viazi na ndizi. Pasi ilipoisha, homugadi walimsimamisha kila siku, maana mtu asiye na kazi alionekana mtu wa msitu, wa Mau Mau. Mara moja walimchukua, akarudi na jicho limevimba. Rashid alimwambia bado muda upo, kidole ni ngozi tu.

— Ni ngozi yangu, Rashid, alijibu, akaomba kahawa.

Baada ya mvua ndefu, Land Rover ilisimama mbele ya bucha. Alishuka karani wa shedi, amevaa kofia, mkononi ana karatasi.

— Namtafuta Kinyua.

— Kinyua gani? aliuliza Kinyua mwenyewe, kikombe mkononi.

Karani alimfahamu vizuri sana. Walikuwa wamefanya kazi pamoja.

— Kinyua, kibarua wa shedi. Injini zimelala. Tumeletewa fundi kutoka Nairobi, akaziangalia tu akarudi kwao. Bwana mkubwa anasema uje leo, pasi utapewa.

— Kibarua huyo hayuko hapa, alisema Kinyua.

— Bwana, usinifanyie hivi.

— Waulize hawa.

— Hatumjui, alisema Korti.

— Kibarua? alisema Rashid, yeye aliyetaka kidole kiwekwe. Hapa Majengo hatuna mtu wa jina hilo.

Karani alirudi kwenye gari. Usiku ule, Mwanatatu aliniambia, Lenah hakulala. Kumkataa Mzungu wa reli wakati ule kulikuwa na njia nyingi za kuishia pabaya, na sisi sote tuliwajua watu waliochukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Siku zilizofuata, kila gari lililopunguza mwendo tuliligeukia.

Gari lililokuja lilikuwa lilelile, na karani yuleyule. Safari hii alivua kofia.

— Namtafuta fundi Kinyua, alisema. Wameondoa rufaa. Pasi imeandikwa fundi wa boila, kazi ya kudumu.

— Sema tena, alisema Lenah kutoka mlangoni. Sikusikia.

— Fundi Kinyua. Fundi wa boila.

Kinyua hakuinuka. Alimtazama mkewe, kisha akamtazama karani.

— Ndiye mimi, alisema. Ngoja nimalize kahawa.

Mwanatatu akamjazia kikombe hadi ukingoni, ingawa hakuwa ameomba, na karani akasimama pale juani, kofia mkononi, mpaka fundi alipomaliza.